Mwana anapotaka kwenda China kufundisha Kiingereza

Tangazo huwa fupi na tamu. Mwalimu wa Kiingereza anahitajika China. Nyumba bure, tiketi ya ndege itarudishwa, uzoefu si lazima, kuondoka ni mwezi ujao. Kijana aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita na bado anazunguka na bahasha ya vyeti huliona kama mlango uliofunguliwa na Mungu. Mama huanza kuwaza kiwanja cha kuuza. Baba huuliza swali moja tu: huko China kwenyewe kukoje?

Swali la baba ndilo la kuanzia. Kazi ya kufundisha Kiingereza China ipo kweli, na wapo Waafrika wanaoifanya kwa halali na kwa heshima. Ila kazi hiyo ina masharti ambayo tangazo haliyataji, na tofauti ya kazi nzuri na mtego mara nyingi huonekana kwenye karatasi kabla ya safari, si baada ya kufika.

Kwa nini Wachina wanataka Kiingereza

Tangu mwaka 2001, Kiingereza kimewekwa katika mtaala wa shule za msingi za China kuanzia darasa la tatu. Mtoto anapomaliza sekondari hufanya mtihani mkubwa wa taifa wa kuingia chuo kikuu, unaoitwa gaokao, kila mwezi wa Juni. Katika mtihani huo Kiingereza husimama pamoja na Kichina na hisabati kama masomo matatu makuu. Mzazi wa Kichina anajua kuwa alama chache zinaweza kumpeleka mwanawe chuo cha maana au kumwacha nje. Hapo ndipo fedha za tuisheni zilipotoka.

Kwa miaka mingi biashara ya tuisheni ilikuwa kubwa mno. Kila jengo la maduka lilikuwa na kituo chenye rangi kali, na kila kituo kilitaka sura ya mgeni. Mwezi Julai 2021 serikali ya China ilibadili mambo kwa tamko moja. Vituo vya tuisheni vya masomo ya shule vilizuiwa kufanya faida, kufundisha masomo hayo mwisho wa wiki na wakati wa likizo kulipigwa marufuku, na watoto ambao hawajafikia umri wa shule ya msingi hawakuruhusiwa tena kufundishwa lugha ya kigeni katika vituo hivyo. Kampuni zilizokuwa zikiajiri walimu walioko nje ya China kufundisha kwa intaneti nazo zilizuiwa. Vituo vingi vilifungwa, walimu wengi wakakosa kazi.

Jambo jingine ni idadi ya watoto. Mwaka 2016 walizaliwa watoto zaidi ya milioni 17 nchini China. Mwaka 2023 walizaliwa kama milioni 9 tu. Shule za chekechea zimeanza kufungwa kwa kukosa watoto. Kwa hiyo tangazo linalosema China ina kiu ya walimu isiyoisha linasimulia habari za miaka kumi iliyopita.

Guangzhou, mlango wa kusini

Wasafiri wengi kutoka Afrika Mashariki huingia China kupitia Guangzhou, jiji la kusini lililoko kando ya Mto wa Lulu. Ndege hutoka Nairobi na Addis Ababa hadi uwanja wa Baiyun. Joto la huko wakati wa kiangazi halimshtui mtu wa Tanga au Mombasa, kwani ni lile lile la kulowesha shati kabla ya saa tatu asubuhi.

Mtaa wa Xiaobei unajulikana na wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh. Kuna vinyozi wa Kiafrika, wauza kadi za simu, mikahawa ya nyama halali na maghala yanayofunga mizigo ya kupeleka nyumbani. Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti ya kale kabisa ya China, uko katika jiji hilo hilo. Kijana akifika Xiaobei anaweza kusikia Kiswahili siku ya kwanza na kujiona yuko salama.

Ni hapo hapo mambo huweza kuharibika. Baadhi ya vijana huingia kwa viza ya biashara au ya utalii, wengine kwa viza ya masomo, wakiwa wameahidiwa na dalali kwamba "karatasi zitashughulikiwa huku". Wanapelekwa kufundisha katika kituo kidogo, wanalipwa fedha mkononi, na siku polisi wa uhamiaji wanapokagua hakuna anayewajua.

Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, haina mzaha juu ya hili. Mgeni anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likiwa kubwa huwekwa mahabusu kwa siku 5 hadi 15. Aliyezidisha muda wa viza hutozwa yuan 500 kwa kila siku, mpaka yuan 10,000. Anayerudishwa kwao kwa nguvu huweza kuzuiwa kuingia China kwa mwaka mmoja hadi mitano. Dalali aliyempeleka huwa amekwisha kula ada yake.

Mzazi ajue pia kuwa Guangzhou imewahi kuwaumiza Waafrika. Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, Waafrika wengi jijini humo walifukuzwa katika nyumba walizopanga na hoteli zikawakataa, mpaka mabalozi wa nchi za Afrika wakalalamika hadharani. Mambo yalitulia baadaye, lakini ni vyema kijana aende akijua historia hiyo kuliko kukutana nayo njiani.

Sharti ambalo tangazo halilisemi

Tangu Aprili 2017 China inatumia mfumo mmoja wa vibali vya kazi kwa wageni, wenye makundi matatu, A, B na C. Walimu wengi huwa kundi B. Kwa mwalimu wa lugha ya kigeni kanuni ni hii: afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada ya kwanza aliyoipata katika nchi ya lugha hiyo, na awe na uzoefu wa kufundisha wa miaka miwili. Aliyesomea ualimu au lugha, au mwenye cheti cha kufundishia lugha kama TEFL, anaweza kusamehewa ile miaka miwili.

Katika utekelezaji, maofisa huhesabu nchi saba kuwa za Kiingereza: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Tanzania haimo, na Kenya na Uganda pia hazimo. Kijana aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea na kuandika Kiingereza safi kuliko Wamarekani wengi bado atakuta pasipoti yake inasomwa kwanza. Ni jambo linalouma. Lakini ni heri liume sebuleni Morogoro kuliko uhamiaji Guangzhou.

Mwenye shahada kutoka chuo cha mojawapo ya nchi hizo saba huweza kufikiriwa katika baadhi ya majimbo, hata kama pasipoti ni ya Afrika Mashariki. Utekelezaji hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Ndiyo maana jibu la kweli hutolewa na mwajiri aliyekwisha kuuliza ofisi ya kwao, na linathibitishwa kwa karatasi. Maneno ya dalali kwenye simu hayahesabiwi.

Kutoka kusini kwenda kaskazini

Kutoka Guangzhou, treni ya mwendokasi hupanda kaskazini hadi Beijing. Njia yote, iliyokamilika Desemba 2012, ina urefu wa karibu kilomita 2,300, na safari huchukua takriban saa nane. Mtu akiifuata huona kuwa "kufundisha China" si kazi moja.

Baada ya saa mbili na nusu hivi treni hufika Changsha, mji mkuu wa jimbo la Hunan. Mao Zedong alisomea ualimu katika jiji hili miaka zaidi ya mia iliyopita, na kila baada ya miaka miwili, tangu 2019, hufanyika hapa maonyesho makubwa ya biashara kati ya China na Afrika. Chakula cha Hunan kina pilipili ya kumtoa mtu machozi. Wageni ni wachache kuliko Guangzhou, hivyo mwalimu Mwafrika huangaliwa njiani, watoto humwonyesha kidole, na wengine huomba kupiga naye picha. Kuna siku inachekesha, na kuna siku inachosha.

Katika miji ya namna hii kazi nyingi ziko kwenye shule za kawaida. Darasa huwa na watoto 40 hadi 50. Mwalimu mgeni huingia darasa moja baada ya jingine kufundisha kuzungumza, na baada ya chakula cha mchana shule nzima hulala kidogo. Wazazi na wanafunzi humheshimu mwalimu, hata kuna Siku ya Walimu kila Septemba 10. Lakini baridi ya Januari huingia mpaka ndani ya nyumba, kwa sababu majengo ya kusini hayana mfumo wa jiji wa kupasha joto kama ya kaskazini. Blanketi zito si anasa huko.

Mbele kidogo ni Wuhan, jiji la vyuo vikuu, ambako wanafunzi wengi kutoka Tanzania na Kenya wamesoma. Wazazi waliokuwa na watoto huko Januari 2020, jiji lilipofungwa kwa siku 76, hawahitaji kukumbushwa. Vyuo vikuu huajiri walimu wageni kwa vipindi vichache kwa wiki, nyumba ndani ya chuo na likizo ndefu, ila mshahara mara nyingi ni mdogo kuliko wa shule binafsi. Kwa mtu anayetaka utulivu na muda wa kusoma, kazi ya chuo huwa bora kuliko ile yenye mshahara mnono na jioni zote kazini.

Wuhan ndiko pia kwenye kishawishi kingine. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo huambiwa na mwenye chekechea aje afundishe saa mbili tu. Sheria haimruhusu mpaka chuo chake kikubali na ofisi ya uhamiaji iandike ruhusa hiyo kwenye kibali chake cha kuishi. Bila ruhusa, saa mbili hizo zinaweza kumpotezea shahada.

Mwisho wa reli ni Beijing, ambako vyuma vya kupasha joto huwashwa katikati ya Novemba na kuzimwa katikati ya Machi. Hapa kuna shule nyingi za kimataifa, na hapa ndipo milango mingine inapoonekana.

Milango iliyo wazi kwa Mwafrika Mashariki

Wa kwanza ni kufundisha somo, si lugha. Shule zinazotumia mitaala ya kigeni hutafuta walimu wa hisabati, fizikia, kemia na kompyuta wanaofundisha kwa Kiingereza. Hapo sharti la nchi saba halibani namna ile ile. Kinachoangaliwa zaidi ni shahada ya somo, leseni au stashahada ya ualimu, na angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada. Mwalimu wa hisabati aliyefundisha sekondari ya Arusha kwa miaka mitano ana nafasi nzuri kuliko kijana mwenye Kiingereza kitamu bila cheti cha ualimu.

Wa pili ni wa wale wanaosoma China hadi shahada ya uzamili. Tangu 2017 wahitimu wa kiwango hicho wenye alama nzuri wanaweza kuomba kibali cha kazi ndani ya mwaka mmoja wa kuhitimu bila ile miaka miwili ya uzoefu.

Wa tatu ni mwembamba, lakini ni wetu. Kiswahili kimefundishwa katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing tangu miaka ya 1960, na matangazo ya redio ya China kwa Kiswahili yalianza mwaka 1961. Mwaka 2011 Watanzania waliona tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou ikizungumza Kiswahili kwenye televisheni yao, kazi iliyohitaji watu wa lugha hii. Kanuni ya lugha ya kuzaliwa, inayomfungia Mwafrika Mashariki mlango wa Kiingereza, humfungulia wa Kiswahili. Nafasi ni chache na huhitaji elimu ya juu ya lugha, lakini kijana anayesomea Kiswahili chuoni asiambiwe kuwa hakina soko.

Karatasi za kudai kabla ya tiketi

Kazi halali huanza kwa mpangilio unaojulikana. Mwajiri huomba kwanza taarifa ya kibali cha kazi kutoka serikali ya China, yenye jina la mwombaji na namba. Kwa taarifa hiyo mwombaji huenda ubalozi wa China nchini kwake kuomba viza ya Z. Akifika China hupimwa afya, hupewa kibali cha kazi, na ndani ya siku 30 huomba kibali cha kuishi. Akikaa kwenye nyumba badala ya hoteli, lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24.

Vyeti vya chuo na cheti cha polisi cha mwenendo mwema huthibitishwa nyumbani kwanza. Kwa kawaida Mtanzania na Mkenya hupitia Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa China. Hatua hizo huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Anayeahidi safari ya wiki ijayo amekwisha kujitambulisha.

Mambo haya mzazi anaweza kuyakagua mwenyewe, hata kwa simu:

- Jina la shule liandikwe kwa herufi za Kichina, pamoja na anwani kamili na namba ya usajili yenye tarakimu 18.
- Jina la mwajiri kwenye mkataba lilingane na lile la kwenye taarifa ya kibali. Kibali hufungwa kwa mwajiri mmoja, na kumfundishia mwingine ni kosa.
- Mkataba utaje vipindi kwa wiki, saa za kukaa ofisini, mshahara baada ya kodi, nyumba, bima ya afya, na nani anayelipa tiketi, na lini.
- Utaje pia namna ya kuuvunja. Anayehama hudai barua ya kuachiliwa kutoka kwa mwajiri wa zamani, na mwajiri mkorofi huitumia kama kamba.
- Pasipoti hukaa kwa mwenyewe. Polisi wakiichukua kwa ajili ya kibali hutoa risiti.
- Apewe namba ya mwalimu mgeni aliyepo shuleni hapo sasa, azungumze naye bila mwajiri kusikiliza.

Na fedha je? Kwa kawaida wakala wa walimu hulipwa na shule. Anayemtaka kijana alipe ada kubwa ili "ashikiliwe nafasi" aulizwe kwa nini shule haimlipi. Mali bila daftari huisha bila habari, na kiwanja kilichouzwa kwa neno la mdomo hakirudi.

Kuna suala la rangi pia. Baadhi ya matangazo hutaka mzungu waziwazi au kwa mafumbo, na mwalimu mweusi mwenye sifa zote anaweza kukataliwa baada ya kutuma picha. Shule inayomkubali kwa kazi yake, ikazungumza naye kwa video na kumwona anavyofundisha, ni bora kuliko inayomkubali kwa haraka ikitafuta mtu wa bei rahisi.

Akishafika

China yote hutumia saa moja, iliyo mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Mwalimu anapotulia saa nne usiku, nyumbani ni saa kumi na moja jioni, wakati mzuri wa kuzungumza. WhatsApp haifunguki huko kwa njia ya kawaida, hivyo mzazi afundishwe kutumia WeChat kabla ya safari, si baada ya siku tatu za wasiwasi. Siku ya kwanza apokee picha ya taarifa ya kibali cha kazi, anwani na namba ya ubalozi wa nchi yake Beijing, na avihifadhi.

Kutuma fedha nyumbani nako hutegemea karatasi. Mwenye kibali, mkataba na uthibitisho wa kodi huhudumiwa benki. Anayelipwa mkononi hulazimika kupitia watu, na watu hao wengine hawaonekani tena.

Mwaka wa masomo huanza Septemba, na shule nyingi hutafuta walimu kuanzia miezi ya mwanzo wa mwaka. Kijana asiye na sifa leo anaweza kuutumia muda huo kufanya miaka miwili ya ualimu nyumbani, kupata stashahada na kujifunza Kichina kidogo. Huko si kukaa bure, maana ndiyo sehemu ya kwanza ya safari yenyewe.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Aliyekwenda kwa viza ya Z, akafundisha mkataba wake na kulipa kodi, hurudi na barua ya sifa na akiba kidogo. Kwa mzazi anayeombwa mchango wa nauli, ombi la kwanza la kumrudishia mwanawe ni dogo: nioneshe taarifa ya kibali, yenye jina lako na jina la shule.